Walicheza Mlango Ukiwa Umefungwa

Namshukuru Mungu aliyenijalia kuyaandika haya kwa mkono wangu mwenyewe. Kuna wakati sikudhani ningefika hapa. Naandika hasa kwa ajili yako wewe ambaye daktari amekwambia neno, na tangu siku hiyo usingizi umekuruka. Nakujua, ingawa hatujawahi kuonana.

Mimi ni mtu wa Muheza, mkoani Tanga. Naishi Kansas City, jimbo la Missouri, Marekani, pamoja na mke wangu na watoto. Kazi yangu ilikuwa ya ghalani, zamu ya usiku, kupakia mizigo kwenye malori. Nilikuwa mtu wa nguvu. Kisha miguu ikaanza kuvimba. Nikivua soksi, alama ya mpira wake inabaki kwenye ngozi hadi jioni. Uso ukawa unajaa asubuhi. Chakula kikawa na ladha ya chuma. Mke wangu akanipeleka hospitali, wakapima presha, wakaipima tena, wakatazamana. Wakatoa damu.

Daktari alikuwa mama mpole. Alivuta kiti akakaa kabla ya kusema lolote. Nilipomwona anakaa, moyo ukanishuka. Figo zote mbili zilikuwa zimeshindwa. Presha ilikuwa imezila kwa miaka bila kuniuma hata siku moja, na ndivyo presha ilivyo.

Nikaanza kusafishwa damu kwa mashine. Mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Damu inatoka mwilini kwa mrija mmoja, inapita kwenye chujio, inarudi kwa mrija mwingine. Siku ya kwanza niliitazama damu yangu ikizunguka nje yangu, nikafumba macho. Sikuyafumbua hadi walipomaliza. Maji ya kunywa nikapimiwa. Kiu ikinizidi nanyonya kipande cha barafu. Nikakatazwa ndizi, maharage, nyanya, na machungwa. Fikiria mtu wa Muheza kukatazwa chungwa.

Kiti cha jirani yangu alikaa mzee mmoja Mmarekani mweusi, mwenye umri wa kunizaa. Kwa adabu tuliyolelewa nilimwita Mzee, naye akaitikia. Moyo wake ulikuwa dhaifu, na madaktari walishamwambia kwamba upasuaji wa kuwekewa figo hautamfaa. Mashine ndiyo maisha yake hadi mwisho. Alinieleza hayo siku ya pili tu tangu tufahamiane, kama mtu anavyokueleza anakokaa. Halafu akaniuliza kama naujua mchezo wa besiboli.

Nikamwambia mimi mpira ninaoujua ni wa miguu, na timu yangu ni Coastal Union. Akacheka. Akasema basi tuna muda wa kutosha.

Akanifundisha kidogo kidogo, televisheni ikiwa juu yetu ukutani. Huyu ndiye mrushaji, anasimama kwenye kile kichuguu katikati. Yule mwenye gongo ni mpigaji. Anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, mwenye kinyago usoni, ni mdakaji. Nikaanza kuelewa. Lakini wachezaji wa siku hizi Mzee aliwatazama kwa jicho moja tu. Watu wake walikuwa wa zamani, wale wa ligi za watu weusi.

Alinieleza kwamba tangu miaka ya 1880 wenye timu kubwa walikuwa wamewafungia mlango wachezaji weusi. Haikuwa sheria ya nchi. Yalikuwa makubaliano yao wenyewe kwa wenyewe. Basi Februari 1920, mchezaji na kiongozi wa timu aliyeitwa Rube Foster akawakusanya wenye timu za watu weusi kwenye jengo la YMCA la mtaa wa Paseo, hapa hapa Kansas City, wakaunda ligi yao wenyewe. Timu ya mji huu iliitwa Kansas City Monarchs. Kuanzia mwaka 1930 walizunguka na taa zao wenyewe, wamezibeba kwenye malori pamoja na jenereta, wakacheza usiku miaka 5 kabla timu kubwa za wazungu hazijafanya hivyo. Walisafiri kwa basi mchana na usiku. Hoteli nyingi ziliwakataa, wakalala ndani ya basi. Migahawa ikawauzia chakula kwa mlango wa nyuma, au haikuwauzia kabisa. Kesho yake wanavaa sare safi, wanaingia uwanjani.

Aliyempenda kuliko wote ni Satchel Paige, mrushaji, mzaliwa wa Mobile, jimbo la Alabama. Mwaka 1938, akiwa anacheza Mexico, mkono wake wa kurushia ulikufa. Hakuweza hata kuunyanyua. Madaktari wakamwambia basi, hatarusha tena. Mwenye timu ya Monarchs, J. L. Wilkinson, akamchukua hivyo hivyo mgonjwa, akamtia kwenye kikosi cha pili kilichozunguka vijiji na miji midogo, maana watu walikuwa tayari kulipa kumwona tu. Akawa anarusha vimipira vya polepole huku anaumia. Akaendelea. Mkono ukarudi. Mwaka 1948 timu ya Cleveland ikamwita kwenye ligi kubwa akiwa na miaka 42, mwenye umri mkubwa kuliko mchezaji yeyote aliyewahi kuingia mgeni.

Kisha Mzee akaniambia ya Septemba 1965. Timu ya mji huu siku hizo, Athletics, ilimrudisha Satchel uwanjani akiwa na miaka 59. Mwenye timu akamwekea kiti cha kuyumba pembeni ya uwanja, na nesi kando yake, ili watu wacheke. Watu wakacheka. Mzee alikuwapo, kijana, ameketi na baba yake. Satchel akainuka kwenye kile kiti, akarusha vipindi vitatu dhidi ya Boston, akapigwa mpira mmoja tu, na hakuna aliyefunga.

“Sasa jitazame,” Mzee akasema, akionyesha viti vyetu na nesi aliyekuwa akisoma namba za mashine. “Kiti unacho. Nesi unaye. Umekosa nini?”

Nilicheka hadi kengele ya mashine ikalia. Tangu niugue sikuwa nimecheka vile.

Ukafika Januari 2024. Hapa naomba univumilie.

Mkono wangu ulikuwa umefanyiwa upasuaji ili mshipa ukomae kwa sindano za mashine, lakini ulikuwa bado. Nilikuwa natumia mrija uliopandikizwa kifuani. Usiku mmoja nikaanza kutetemeka. Meno yanagongana. Mke wangu akanifunika mablanketi yote ya nyumbani. Nikazidi kutetemeka. Vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye damu kupitia ule mrija. Wakaja na gari la wagonjwa. Nje barafu. Mtoto wangu mdogo amesimama mlangoni na nguo za kulalia. Sikuweza kumwambia neno.

Wodi ya mahututi. Mwanga mweupe usiozimwa. Presha iliyoniulia figo kwa kupanda, sasa ilikuwa inashuka. Wanaizuia kwa dawa. Inashuka. Nasikia watu wanasema kwa haraka juu ya kichwa changu. Nilijaribu kusali Baba Yetu, nikafika katikati, maneno yakanipotea. Nikarudia. Yakanipotea tena. Nikaogopa kufa. Halafu, na hili ndilo linalonitisha hadi leo, nikaacha kuogopa. Nikawa sijali.

Nilitoka hospitali, lakini mtu aliyerudi nyumbani hakuwa mimi. Nilikaa kitandani nikitazama ukuta. Jioni moja nikamwambia mke wangu: nimechoka, sirudi kwenye mashine. Nilikuwa nimeuliza, nilijua mtu akiacha mashine hudumu kitambo kifupi tu. Nilisema taratibu. Nilikuwa nimeshaamua.

Hakubishana nami. Alichukua simu, akampigia mama yangu, akaniwekea sikioni. Huku ilikuwa usiku, Muheza alfajiri. Nasikia majogoo. Nasikia mama anavuta pumzi. Alikuwa ameshaambiwa.

Akasema, “Mwanangu, ukiacha leo, mimi atanizika nani?”

Sikujibu. Sikuwa na jibu. Akaanza kuomba, kwa Kibondei, kama alivyokuwa akituombea tukiwa wadogo. Sikuona nuru. Sikusikia sauti kutoka juu. Nililia tu. Nililia nikalala. Asubuhi mke wangu akanivisha viatu, wenzetu wa ushirika wa Kiswahili wakaja na gari, wakanishika huku na huku, wakanipeleka kwenye mashine. Sikwenda kwa nguvu zangu. Nataka ulijue hilo.

Mzee alinitazama usoni, akanyamaza muda mrefu. Siku ile hakunipa ya kuchekesha. Alinipa ya Josh Gibson.

Gibson alikuwa mdakaji, na mpigaji ambaye wengi humhesabu kuwa hajapata mfano. Alichezea Pittsburgh Crawfords na Homestead Grays. Mwaka 1930, Gibson akiwa kijana wa miaka 18, mke wake Helen alifariki akijifungua mapacha. Watoto wakalelewa na bibi yao mzaa mama, Gibson akarudi kwenye basi la timu. Mwaka 1943 wakamgundua na uvimbe kwenye ubongo. Akaendelea kucheza huku kichwa kinamuuma. Tarehe 20 Januari 1947 akafa, hajatimiza miaka 36. Chini ya miezi 3 baadaye, tarehe 15 Aprili, Jackie Robinson akaingia uwanjani na timu ya Brooklyn Dodgers, na mlango uliofungwa miaka mingi ukafunguka. Robinson mwenyewe alikuwa ametokea Monarchs, aliyoichezea mwaka 1945. Gibson hakuuona mlango huo ukifunguka. Hata kaburi lake lilikaa bila jiwe la jina hadi mwaka 1975.

Nikakasirika. Nikamuuliza Mzee, sasa hiyo ni hadithi ya kumpa mgonjwa? Mtu amengoja, amengoja, amekufa kabla ya siku yake. Faida yake nini?

Mzee akanijibu bila kunikemea. “Nani amekwambia alikuwa anangoja? Alikuwa anacheza. Alipoupiga, mpira uliruka kweli. Watu waliosimama kushangilia walisimama kweli. Ile haikuwa michezo ya kupisha muda, mwanangu. Ilikuwa michezo yenyewe.”

Maneno hayo hayakuniingia mara moja. Yaliingia njiani, nikirudi nyumbani. Tangu niugue nilikuwa nimeyahesabu maisha kuwa yamesimama. Nitaishi nikipata figo. Nitacheza na watoto nikipata figo. Nitamshukuru Mungu nikipata figo. Na hapa yupo mtu ambaye figo haiji kwake kabisa, anajua haiji, na kila akija amenyoa ndevu, amevaa shati lililopigwa pasi, ana hadithi mfukoni. Jioni ile nilimwita binti yangu, nikamsaidia hesabu za shule. Zilikuwa hesabu ngumu, tulikosea pamoja. Nililala nimechoka kama watu wengine wanavyochoka.

Mei mwaka huohuo tulikuwa kwenye viti vyetu, mashine zinazunguka, taarifa ikatoka kwenye televisheni. Ligi kuu ya besiboli ilikuwa imeziingiza rasmi takwimu za ligi za watu weusi kwenye kumbukumbu zake. Josh Gibson akawa wa kwanza katika historia yote kwa wastani wa upigaji, 0.372, yaani kama kupiga vizuri mara 372 katika nafasi 1,000. Amempita Ty Cobb, mzungu aliyekuwa akiongoza kwa 0.367. Mzee alimwomba nesi aongeze sauti. Machozi yalimtoka na hakuweza kuyafuta, maana mkono mmoja ulikuwa na sindano na mwingine umefungwa kipimo cha presha. Nesi akamfuta.

“Hesabu ndiyo imefika leo,” akaniambia. “Mipira ilishapigwa.”

Siku ya mapumziko binti yake akatuchukua kwenye jumba la makumbusho la ligi hizo, lililopo mtaa wa 18 na Vine, mjini humu humu. Mwanzoni kabisa unaona uwanja mdogo wenye sanamu za shaba za wachezaji, kila mmoja kwenye nafasi yake, ila kuna uzio wa waya katikati. Unaona, huingii. Lazima kwanza uzunguke historia yote: picha za mabasi, glavu zilizochanika, matangazo ya mechi. Mwishoni ndipo unaruhusiwa kuingia uwanjani. Mzee alipumzika mara nyingi njiani. Tulipofika, alikwenda moja kwa moja alipochuchumaa Gibson, akaweka kiganja begani pa sanamu, akasimama hapo hadi pumzi zikamrudi. Satchel yupo kwenye kichuguu chake. Nami niliushika ule mkono wake wa kulia, ule ulioambiwa umekwisha. Shaba ilikuwa ya baridi.

Pale ndipo aliponieleza habari za Buck O'Neil, aliyewahi kuwa mchezaji na kisha kocha wa Monarchs. Utotoni alifanya kazi kwenye mashamba ya mboga huko Sarasota, Florida, na sekondari ya mji ule haikupokea watoto weusi. Ligi kubwa hakuichezea kamwe. Ilipofunguka, umri wake ulikuwa umepita. Mwaka 1962 Chicago Cubs wakamfanya kocha mweusi wa kwanza katika ligi kubwa. Uzeeni alilipigania jumba hili la makumbusho ili wenzake wasisahauliwe. Mwaka 2006 watu 17 wa ligi za weusi walichaguliwa kuingia kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli kule Cooperstown, na yeye akaachwa. Alikuwa na miaka 94. Unadhani alinuna? Alipanda jukwaani Cooperstown kuwasemea wale 17, maana wote walikuwa wameshakufa, akasema kwa furaha na akawaimbisha watu. Oktoba mwaka ule akafariki. Jina lake liliingizwa mwaka 2022.

Sikusema kitu. Nilikuwa namfikiria mtu mwenye miaka 94, amekosa, anawaimbisha watu.

Na mimi Mungu alinifungulia. Mdogo wangu anayeishi Texas alikuwa amekwenda kupimwa kimyakimya, hakutaka kunipa tumaini la bure. Damu zetu zikakubaliana. Nilipomwambia afikirie vizuri, alikasirika. “Kaka, mama katuzaa wawili, figo nne. Tugawane.” Tukaingia vyumba vya upasuaji asubuhi moja, mama akiwa anatuombea sote wawili kwa mpigo mmoja, nami sijui mama anapata wapi nguvu hizo.

Nilipozinduka, nesi alinionyesha mfuko uliokuwa ukining'inia kando ya kitanda. Mkojo. Nilikuwa nimesahau mkojo ni nini. Nilimshukuru Mungu kwa mkojo, kwa sauti, wodini, na sioni haya kukusimulia.

Ila nisikudanganye. Hofu haijaondoka yote. Nameza dawa asubuhi na jioni ili mwili usiikatae figo ya mdogo wangu. Simu ya hospitali ikiita baada ya kipimo cha damu, mikono inanipoa kabla sijapokea. Usiku nikiamka hubonyeza kifundo cha mguu kuona kama kidole kinaacha shimo. Mke wangu hujifanya amelala.

Mzee bado yupo kwenye kiti chake. Humtembelea. Safari ya mwisho nilimpelekea picha ya watoto na salamu za mama kutoka Muheza, naye akamuuliza nesi mbele yangu kama wanaweza kuninyima kiti kwa kuwa nimenenepa. Namshukuru Mungu kwa ajili ya figo, lakini siwezi kusema Mungu alianza kunitazama siku nilipoipata. Alikuwapo nilipokuwa nanyonya barafu. Yupo kwa Mzee ambaye hajapewa.

Kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba ugonjwa wako utaondoka mwaka huu, au mkono wako utarudi kama wa Satchel. Labda utarudi, naomba urudi. Nakuambia tu kwamba siku ya leo ni yako, na ni ya kweli, hata kama imejaa sindano. Msaidie mtoto hesabu. Nyoa ndevu. Suka nywele. Cheka na aliye kiti cha pili. Wewe uliye mzima, kapime presha wiki hii, ni jambo la dakika chache. Na wewe uliyechoka kama nilivyochoka mimi, uliyeanza kutojali, usikae na jambo hilo peke yako hata usiku mmoja. Mwambie mkeo, mumeo, mama, mchungaji, jirani. Kesho ikiwa siku yako ya mashine au ya dawa, na miguu haina nguvu, waache wakuvishe viatu wakupeleke. Mungu aliyenishika mimi akushike na wewe. Amina.